Masundosundo ya nyayo yalitaka kuninyima mke

Wakuu, salaam kwenu. Haya ni ya kweli tupu, na naandika huku uso umenishuka.

Mimi ni mtu wa Maparoni, huku delta. Kazi yangu kukata boriti za mikoko, pekupeku, tope mpaka magotini.

Nyayo zikaota vinundu vigumu vyenye vidoti vyeusi. Nikajua ni vipande vya kombe, yale magamba makali yaliyojificha topeni. Huku kwetu kombe likikuchoma unachokonoa kwa sindano, yameisha.

Nikachokonoa. Damu inatoka, kombe silioni. Nikahamia wembe. Vikazidi, mguu wa pili nao ukapata.

Sasa msikitini ukisujudu, wa nyuma yako anaziona nyayo zote. Nikawa mtu wa safu ya mwisho.

Msiniulize soksi. Mkata mikoko na soksi wapi na wapi?

Nikaposa binti wa Kibiti. Siku ya kujitambulisha kwao, magharibi ikaingia. Baba mtu akasema, "Mwanangu, pita mbele utuswalishe."

Nyuma yangu wangekaa yeye na mashemeji. Nikakataa. Akarudia, nikakataa tena. Akanitazama weee.

Kesho yake akampigia mjomba wangu aliyepeleka posa: "Kijana wenu swala haijui. Binti yangu simpi."

Mimi! Niliyekulia madrasa! Nikarudi mbio Kibiti, nikavua viatu, nikamwonyesha mzee unyayo.

Si akamwita mkewe aje aone! Akaja mama, na mchumba wangu nyuma yake. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee akasema, "Yaani ukaona bora nikudhanie hujui dini, kuliko nione mguu?"

Nikainama kuvaa viatu.

Akanipeleka hospitali mwenyewe. Daktari akasema ni masundosundo, yanaletwa na kirusi. Vidoti vyeusi ni vimishipa ambavyo damu yake imeganda. Kule kuchokonoa ndiko kulikoyasambaza.

Nikapewa dawa ya kupaka inayomenya ngozi taratibu. Unaloweka mguu maji ya uvuguvugu, unasugua kidogo, unapaka. Kifaa cha kusugulia usimwazime mtu. Inataka subira, ni mambo ya miezi. Wenye sukari msijitibu nyumbani, nendeni mkaonwe.

Wakuu, ukiona kitu mguuni, onyesha mapema. Mimi nimeoa, alhamdulillah, na mzee ananipitisha mbele niswalishe.

Lakini hadi leo nikisujudu nahisi macho yao kwenye nyayo, na ngozi imeshapona. Mliopitia haya, semeni ukweli: hii aibu nayo inapona lini?