Kijiji Kisicho na Ng'ombe

Mji wa Singida asubuhi hunuka mashudu. Mashine za alizeti zikianza kukamua, harufu nzito ya mafuta mabichi hushuka mitaani, ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa, ikaingia hata kwenye chai. Asubuhi moja mwaka huu nilikuwa nimekaa kwenye banda la chai kule Mwankoko, ninakopanga chumba, na sikuwa na safari yoyote kichwani. Redio ya mama muuza chai ilikuwa ikisoma orodha ya nchi kwa ukubwa wa pato la taifa: nani wa kwanza, nani wa pili, sisi tuko wapi, tumempita nani. Fundi baiskeli mmoja akapiga meza kwa furaha. "Tumewapita majirani!" Mwenzake akamjibu bila kuinua macho kwenye kikombe, "Wewe umempita nani, Athumani? Baiskeli yako mwenyewe haina cheni." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nina hasira moja ya tangu utotoni, nayo huamka kila mara mtu anaposoma orodha ya wa kwanza na wa mwisho. Niliacha chai nusu, nikachukua mkoba, nikatoka barabarani. Lori tupu lililokuwa likienda vijijini kupakia vitunguu lilisimama, dereva akauliza naenda wapi. Nikamwambia anakokwenda yeye.

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali miaka miwili mfululizo. Nimekaa Itigi, nimekaa Manyoni karibu na reli, nimevuna vitunguu, nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara. Kila nilikokwenda nimesoma kilichopatikana, hata gazeti lililofungia maandazi, na nimewauliza watu maswali mpaka wakachoka. Lakini swali langu kubwa ni la msimu mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, nyumbani kwetu upande wa Ikungi. Juu ya lori lile, upepo ukinipiga usoni, niliupitia msimu huo tena kutoka mwanzo.

Ulikuwa msimu wa palizi, uwele umefika magotini, na ardhi baada ya mvua ilikuwa na ule unyevunyevu wa moto unaopanda miguuni. Kwetu kazi ya shamba hufanywa kwa kualikana. Mama alikuwa ameloweka mtama, akauotesha, akausaga, akapika pombe kwa siku kadhaa, na siku hiyo watu wapatao thelathini walikuwa wakipalilia shamba letu kwa mstari mmoja, wakiimba, majembe yakishuka pamoja. Wiki iliyofuata tungekwenda kwa jirani, na yeye angepika. Saa nne hivi alikuja karani mgeni, kijana mwenye viatu vizuri na ubao wa kuandikia. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametutangazia habari zake: kuna mradi utajenga josho la ng'ombe katika kijiji kimoja tu cha kata yetu, kile chenye uzalishaji mkubwa kuliko vyote, na karani ndiye atakayepima. Josho tulilihitaji kama maji. Mwaka uliotangulia kupe walikuwa wametumalizia ndama, na zizini mwetu alikuwa amebaki ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe kiunoni, tuliyemwita Baka. Mdogo wangu Yusufu alikuwa hajafikisha mwaka, mwembamba, maziwa ya mama yamekauka mapema, na aliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule.

Karani alimsalimia baba, akafungua karatasi. Akamtazama mama aliyekuwa akichota pombe kwenye mtungi. "Mkeo anafanya kazi gani?"

"Kazi zote," akasema baba.

"Namaanisha anauza nini?"

"Hauzi."

Karani akaandika, na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya bega lake nikasoma kwa sauti, maana nilikuwa najivunia kusoma: "Hana kazi." Mama akaweka kata chini. "Hana kazi? Haya, mwanangu, ongeza na kwamba umenikuta nimelala." Wanawake waliokuwa shambani wakacheka hadi mstari ukapinda. Karani naye alitabasamu, lakini hakufuta. Akauliza wale watu thelathini wanalipwa nini. Baba akamwambia hawalipwi, wamealikwa. Basi na wao hakuwaandika.

Kisha akauliza, "Una ng'ombe wangapi?" Hapa lazima nieleze desturi yetu. Mtu wa kwetu haweki ng'ombe wake wote nyumbani. Huwagawa kwa marafiki wa vijiji vingine, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja, upande wa pili usalimike. Rafiki anakunywa maziwa, wewe unabaki na ng'ombe na uzao wake. Kwa hiyo katika zizi la mtu hulala ng'ombe wa watu, na wa kwake wanalala kwa watu. Na tena, mtu mwenye heshima zake hatangazi ng'ombe wake mbele ya mgeni. Ng'ombe wa baba, kumi na mmoja, walikuwa kwa rafiki yake Mzee Hamisi, kijiji tulichokiita Ng'ambo kwa sababu kilikuwa ng'ambo ya mbuga, mwendo wa nusu siku. Waliokuwa kwetu, Baka pamoja na madume sita, walikuwa wa Mzee Yohana wa kijiji kingine kabisa. Saa ile wote walikuwa malishoni.

"Sina," akasema baba. Alisema kweli kama alivyoifahamu.

"Na hilo zizi?"

"Hao ni wa mtu."

Karani akaandika sifuri. Nilivuta koti la baba nikasema, "Baba, na wale wa kwa Mzee Hamisi?" Aliniangalia kwa jicho ambalo hadi leo nikilikumbuka nanyamaza. Nyumba kwa nyumba, wanaume wote wa kijiji chetu walijibu vilevile, kila mmoja kwa uaminifu wake, na jua lilipoanza kuinama karani alishuka kwa pikipiki kuelekea Ng'ambo.

Orodha ilibandikwa kwenye mbao za matangazo, vijiji tisa, cha kwanza hadi cha tisa. Ng'ambo kilikuwa cha kwanza. Sisi tulikuwa wa tisa. Watu walisimama pale wakisoma na kusoma tena kana kwamba herufi zingehama. Baadaye tulijua kilichotokea. Karani alifika Ng'ambo jioni, ng'ombe wakirudi, vumbi limetanda, na afisa mtendaji wa kule akamwambia asiulize mtu, apite zizi kwa zizi ahesabu vichwa. Akahesabu vichwa. Ng'ombe wa baba yangu wakaandikwa huko kuwa utajiri wa Ng'ambo. Mzee Hamisi hakusema uongo, kwa sababu hakuulizwa neno. Kwetu karani aliuliza midomo, kule alihesabu pembe, kisha akachukua majibu ya namna hizo mbili akayapanga kwenye ngazi moja, na juu yake akapiga muhuri. Hilo ndilo lililonichoma, na linanichoma bado.

Josho lilijengwa Ng'ambo. Lilipoanza kazi, baba na wenzake waliswaga mifugo yote ya kijiji, mwendo wa nusu siku kuvuka mbuga, Baka akiwa mbele. Baba alitusimulia akiwa amekaa kwenye kigoda, akitazama mikono yake. Mlangoni palikuwa na mtu mwenye orodha. "Nyie wa wapi?" Wakamwambia. Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Kijiji chenu hakina ng'ombe." Nyuma yao ng'ombe walikuwa wakilia kwa kiu. Baba akamwuliza, "Na hawa ni nini, bwana, mbuzi walioshiba?" Yule akajibu kwamba dawa imeletwa kwa hesabu ya walioandikwa, haitoshi wengine. Wakati wanabishana, dume jekundu la baba lilitoka upande wa pili wa josho likidondosha dawa, likatikisa masikio. Baba alilitambua. Wenzake pia walikuwa wakiwatambua wa kwao, mmoja mmoja, wakipita wamelowa. Lakini ng'ombe hawatangazwi mbele ya mgeni. Waligeuza mifugo wakarudi.

Baka aliugua kabla uwele haujakomaa. Tezi zilivimba chini ya masikio, akawa anapumua kama mtu anayepanda mlima, povu puani. Mama alimkanda kwa maji, nami nikang'oa kupe kwa vidole mpaka kucha zikawa nyeusi. Alikufa siku ya tatu. Baba alimchuna mwenyewe, akaifunga ngozi begani, akatembea nayo hadi kwa Mzee Yohana, kwa sababu kwetu ng'ombe wa mtu akifia kwako lazima umwonyeshe mwenyewe ngozi, aone lile baka kwa macho yake, ajue hukumuuza wala hukumchinja. Watu ambao karani aliwaandikia sifuri ndio waliotembea siku nzima na ngozi mbichi ili hesabu ya ng'ombe mmoja isiwe na shaka. Yusufu akaanza kunywa uji mtupu. Aliishi, lakini alichelewa kutembea, na mama hakumtaja karani tena hata kwa utani.

Mwezi ule ule mwalimu wetu wa maarifa ya jamii alikuja na ukurasa wa gazeti, akaubandika ukutani. Nchi za dunia kwa pato la taifa. Aliweka fimbo chini kabisa ya karatasi. "Sisi hapa. Mnajua kwa nini? Wazazi wenu hawazalishi. Mchana kutwa pombe na nyimbo." Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, aliyehesabu alikuja saa ngapi?" Darasa likacheka. Akasema rudia swali lako, mpumbavu. Nikarudia: alikuja saa ngapi, asubuhi au jioni, na kila nchi aliiuliza vilevile? Aliniambia nipige magoti juani hadi nitakapokuwa tayari kuomba radhi. Nilipiga magoti. Radhi sikuomba. Kesho yake sikurudi, wala kesho kutwa.

Nimeishi vya kutosha kujua kwamba lile swali halikuwa la kipumbavu. Nimesoma kwamba nchi inaweza kubadili namna ya kukokotoa, ikaamka tajiri zaidi bila kuongeza gunia moja la mtama. Nimesoma kwamba ziko nchi ambazo makampuni ya wengine yamelala ndani yao kwenye karatasi tu, nazo hupanda ngazi kwa faida iliyozalishwa mbali. Mama anayepika nyumbani kwake bado haonekani. Akipika kwa mwingine kwa mshahara, uchumi umekua. Wenye kutengeneza hesabu hizi wanayajua haya, wanayaandika kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, halafu redio inasoma ngazi peke yake. Na ngazi hiyo ndiyo anayoitumia mtoa mkopo, mtoa msaada, mtoa josho.

Lori lilisimama mchana karibu na mbuga. "Hapa ndipo mwisho wangu," akasema dereva, na akataja jina la kijiji. Ilikuwa Ng'ambo. Sikuwahi kukanyaga pale maishani. Niliuliza kwa Mzee Hamisi, nikaambiwa alishafariki, ila mwanawe Shabani yupo. Nilimkuta akikarabati zizi, mzee sasa, kofia imefifia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ni wa Daudi," akasema, akimtaja baba, kabla sijajitambulisha. "Umechukua paji la uso lote, hukumwachia ndugu yako hata kidogo."

Tulikaa tukiongea hadi ng'ombe wakarudi. Baba alifariki miaka mingi iliyopita, kaka zangu walichukua baadhi, waliobaki wakaendelea kuzaa. Shabani alinionyesha mmoja mmoja, huyu wa yule, yule wa huyu, uzao baada ya uzao, bila daftari. Wa kwetu walikuwa tisa. Josho, akaniambia, limekauka siku nyingi, na mwezi uliopita alikuja kijana na kishikwambi kuandikisha mifugo, ili wajue kijiji gani kipewe jipya.

Nikamgeukia. "Alikuuliza nini?"

"Ng'ombe wangu. Nikamwambia watatu. Hawa wengine si ni wa baba yako?"

"Na alikuja saa ngapi?"

"Mapema tu. Ng'ombe walikuwa wamekwenda malishoni." Akanitazama. "Mbona umevimba hivyo, mwanangu? Ningesema wa mtu ni wangu?"

Sikuwa na la kumlaumu. Karatasi imekuwa kioo, kioo kinawaka, na swali ni lile lile la mtu wa viatu vizuri. Nikamwuliza kama kijana yule ameondoka moja kwa moja. Akasema hapana, yuko vijiji vya jirani, Jumanne atapita tena kuhakiki majina.

Mke wa Shabani alikuwa ametandika godoro kwenye chumba cha uani na kuniwekea ndoo ya maji ya kuoga. Akauliza nitalala siku ngapi. Nikamwambia hadi Jumanne, na kwamba kijana akifika asubuhi wampe kiti, wampe chakula, wamcheleweshe kwa maneno hadi ng'ombe warudi.