Nilivyoziba Ndiva ya Ukweni

Siku hizi nauliza kabla ya kushika. Enzi za Mwingereza nilikuwa karani pale Same, mjuaji wa kila kitu. Nilipopanda Bombo kujitambulisha ukweni, njiani nilikuta bwawa lao la kumwagilia, ndiva, likitoa maji kwenye tundu la chini. Mbona wanayaacha yapotee? Nikavua viatu, nikaliziba kwa udongo na magome ya mgomba.

"Mama yuko shambani," mchumba wangu alisema nilipofika kwao. "Leo ndiyo zamu yake ya maji ya ndiva, ameisubiri wiki nzima."

Nilikuwa nimeshaanza kujisifu kwa kuokoa bwawa. Mama mkwe akaingia, miguu vumbi tupu. Akaitazama yangu: matope hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi," akajibu, akanikabidhi jembe.