Siku Moja Hulipwa kwa Siku Moja

Nakumbuka asubuhi moja baada ya Idi, nimejifungia chumbani kwangu hapa Jeppe, Joburg, sitaki kuona mtu. Nilikuwa kijana kama wewe, mwanangu, ila kwa upana nilikuwa mara mbili yako. Cheka tu, mimi mwenyewe leo nacheka.

Miezi kabla ya hapo nesi wa kliniki alinipima, akaniambia sukari inapiga hodi na nisipopunguza mwili itaingia. Mama yangu kule Tanga alikatwa mguu kwa ugonjwa huo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kidonda. Niliogopa sana. Nikaacha soda, nikaacha teksi, kila asubuhi nikawa natembea kwa miguu mpaka mjini nilikokuwa nauza vitenge. Baada ya muda sketi zikaanza kulegea kiunoni.

Ramadhani ilipokaribia nikafurahi zaidi. Nikajiambia, mwezi mzima sili mchana, si nitabaki mifupa? Hesabu ya mjinga hiyo. Kutembea niliacha kwa sababu ya kiu. Na jua likizama, sisi watu wa pwani tulio mbali na kwetu, hamu ya nyumbani tunaituliza kwa sahani. Bi Mwanaidi, mtu mzima wa Unguja aliyekaa ghorofa ya chini, alikuwa akitupikia futari wapangaji wote: uji, mihogo ya nazi, tambi, sambusa, kaimati zinazochuruzika shira. Nilikula kufidia mchana wote, kisha daku nikala kwa kuiogopa kesho.

Idi ilipopita nikaenda kliniki kifua mbele. Mzani ukaonyesha nimezidi hata nilivyokuwa siku ya kwanza. Nesi hakunisema, na afadhali angenisema. Nilirudi nalia barabarani, nikapita spaza, kile kiduka cha mtaani, nikanunua mkate na soda ya chupa kubwa, nikavimaliza nimesimama. Nikasema basi, yaliyomkuta mama na yanikute na mimi.

Kesho yake Bi Mwanaidi akagonga. "Zuhura, fungua. Nakusikia unavyovuta kamasi."

Akaingia, akakaa kitandani bila kukaribishwa. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Ulifunga kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya mzani?"

Nikainamisha kichwa.

"Hilo utazungumza na Mola wako. Sasa niambie jingine. Siku zako zilipokuja katikati ya Ramadhani, ulifanyaje?"

"Nilikula, Bi."

"Na mwezi mzima ukaharibika?"

"Hapana. Nitazilipa."

"Utalipa mwaka?"

"Siku kwa siku."

"Haya. Mungu mwenyewe anakudai siku zile tu ulizokula. Wewe mbona unajitoza umri wako wote, pamoja na miguu yako?"

Akanyanyuka kwa kushikilia ukuta, maana magoti yake yalikuwa mabovu. "Kaimati ni zangu, na mimi nina sehemu yangu humo," akasema. "Vaa viatu, tushuke." Akanisindikiza mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani, pole pole, akilaumu baridi ya Joburg njia nzima. Taa ziliponiruhusu kuvuka akarudi, mimi nikaendelea na safari ya mjini.

Usidhani tangu siku ile nilishuka moja kwa moja. Baridi ikija nilinenepa. Harusi za watu zilinirudisha nyuma, misiba nayo ikanirudisha, maana pilau haiulizi sababu. Lakini kila nilipoteleza nililipa ile siku niliyoteleza kwa kutembea kesho yake, basi. Haba na haba hujaza kibaba, na hivyo hivyo ndivyo kibaba kinavyopungua.

Jana, mwanangu, nilikuona umetoka kliniki, ukapita bila salamu. Nilipokuuliza ukanijibu kwa Kizulu kwamba umechoka, huendi tena. Nilikuelewa vizuri, na usiku sikulala vyema, kwa sababu damu yako na ya mama yangu ni moja.

Basi nisikilize. Usijiadhibu kwa njaa, maana mwenye njaa hana hesabu. Usile kwa hasira pia, chakula hakikukosea. Kuteleza si kuanguka. Ukiteleza leo, kesho lipa siku moja, wala usikubali mtu akutoze zaidi, hata huyo mtu akiwa wewe. Na ukiona aibu ya kutembea peke yako, mimi nipo, ingawa sasa magoti mabovu ni yangu.

Sukari ingali nje ya mlango wangu hadi leo. Mola asiifungulie kwako pia, akupe subira, akuzeeshe na miguu yako yote miwili.

Sasa vaa viatu, tushuke.