Ramani ilisema Madibira maji yapo, nikaamua kusikiliza sauti

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Haya yamenitokea mwenyewe, na aibu yangu nimeiacha humo humo.

Mimi mchambuzi wa data, nakaa Soweto, Mbeya. Ofisi yetu ilipewa utafiti kwenye skimu ya mpunga Madibira. Ripoti ingesaidia kuamua mfereji upi utengenezwe kwanza.

Dodoso niliandika mimi. Swali la kwanza: hali ya maji shambani kwako ikoje? Nzuri, wastani, mbaya. Wahoji wanabonyeza kwenye simu.

Data ikaja. Ramani nzima kijani, yaani maji ni "nzuri", hadi mwisho wa mfereji, ambako kila mtu anajua maji hayafiki.

Nikagoma kutuma.

Bosi akawaka. "Wewe hata ukiwekewa ugali utauliza kama ni ugali! Ijumaa ripoti inasomwa."

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo, na wa kuuongeza ni yeye.

Sasa, ile app hurekodi sauti ili kukagua wahoji. Hakuna aliyewahi kuzisikiliza. Nikavaa earphone, nikaanza na mkulima wa mwisho wa mfereji, Mama Sikujua.

"Hali ya maji ikoje, mama?"

"Nzuri tu, mwanangu. Karibu ukae."

Mhoji kabonyeza "nzuri", kahamia swali la pili. Mama anaendelea: "Ila mpunga wangu umekauka. Naomba hilo uliandike."

Hapakuwa na pa kuandika. Mimi ndiye sikuweka.

Nikafungua nyingine, na nyingine. Nzuri, halafu ila.

Wakuu, nimelelewa na bibi, Iringa. Mgeni akikuuliza hali, unasema nzuri hata kama ndani kuna mgonjwa. Shida inasemwa mgeni akishakaa. Nalijua hilo tangu utotoni, halafu nikaandika dodoso kama mtu asiye na bibi.

Nikamwekea bosi zile sauti asikilize. Akasema: "Nakupa siku tatu. Ukichelewa, nasoma ya kijani."

Tukarudi Madibira, mimi na wahoji. Safari hii tulikaa kwanza, tukauliza shambani kwenyewe: mara ya mwisho maji yalifika hapa lini?

Mama Sikujua akacheka. "Kumbe mlinisikia? Nilijua naongea na simu." Akatuonyesha udongo uliopasuka hadi mguu unaingia.

Ijumaa ilisomwa ramani yenye mkia mwekundu. Mfereji wake umewekwa wa kwanza kutengenezwa.

Mkataba wangu? Bosi anasema bado anatafakari. Na mimi bado nauliza.

Nilichojifunza: kabla ya kulaumu data au kuisifu, sikiliza ilivyokusanywa. Model yoyote ya kompyuta ningeweka juu ya zile "nzuri" ingedanganya kwa kujiamini.

Mnaofanya hizi kazi, swali gani mliwahi kujibiwa adabu mkadhani ni ukweli? Leteni. Na mnaobisha karibuni pia, ila kaeni kwanza.