Fundi Aliyeendesha Pekupeku

Kwa nini siku ile hakuvua viatu? Nimejiuliza swali hili kwa wiki tatu, na kila jibu ninalolijaribu linanirudisha kwenye lawama ileile. Habari za kifo zilinifikia nikiwa ofisini, kabla ya saa nne asubuhi. Fundi wa magari mwenye gereji upande wa Katelembo, mtu niliyemfahamu kwa miaka minane, alikuwa amegonga ukingo wa barabara akiteremka milima ya Iveti. Alikuwa peke yake, ndani ya gari langu, akimpelekea mtu aliyetaka kulinunua. Barabara ilikuwa kavu. Waliolivuta gari walisema breki zilikuwa nzima. Kwenye lami hapakuwa na alama yoyote ya matairi.

Tulijuana katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa nikifanya kazi katika ofisi ya kiwanda kimoja Athi River. Nilikuwa nimenunua gari la michezo la milango miwili, la mtumba kutoka Japani, la gia za mkono. Nakiri kwamba nililinunua kwa ubishi, kwa sababu wenzangu wa kiume walisema mwanamke atafute gari linalojibadilishia gia lenyewe. Lakini kila nilipoteremka mlima na kupunguza gia, gari lilishtuka kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Nikalipeleka kwake nikidai ni bovu. Alilizungusha mara moja tu kwenye soko lililo karibu na gereji, akarudi, akaniita mama kwa lugha ya kwao: “Mwaitu, gari haina shida. Wewe umesoma mpaka juu, lakini mguu haijaenda shule.” Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka. Tangu hapo, Jumamosi baada ya Jumamosi, alikaa kando yangu kwenye mteremko wa Iveti na kunifundisha mbinu aliyoipata ujanani alipokuwa akihudumia magari ya mashindano. Sehemu ya mbele ya mguu wa kulia inakandamiza breki, mguu wa kushoto unashusha klachi, na kisigino kilekile cha kulia kinaigusa pedeli ya mafuta mara moja, ili injini ipande kidogo na gia ya chini iingie bila gari kutikisika. Kwa maneno ni jambo dogo. Kwa mguu, ilinichukua miezi minne.

“Unapiga hiyo mafuta kama unaua nyoka,” alikuwa akiniambia. “Iguse tu. Kama vile unaamsha mtoto wa wenyewe.”

“Siisikii injini ikipanda.”

“Usisikie na masikio, mwaitu. Sikia na makalio. Hiyo kiti inakuambia kila kitu.”

Kizuizi changu kikubwa kilikuwa kimo. Mguu wangu ni mfupi, na kisigino hakikuifikia pedeli ya mafuta. Siku moja nikamwomba anichomelee bamba la chuma kwenye pedeli ile ili isogee karibu na breki. Hakupenda. Alisema kinachofundishwa ni mguu, si gari. Nikashikilia, naye akanichomelea, kazi safi isiyoacha hata tone la chuma pembeni. Alipomaliza alinitazama akasema, “Sasa hii gari ni ya mguu yako peke yake. Siku ya kuuza, ilete kwanza niitoe.” Maneno yale hayakuwa mzaha. Mguu wake ulikuwa mpana, na akikanyaga breki akiwa na viatu, ukingo wa soli ulikanyaga na mafuta pia. Kwa hiyo kila alipoliendesha gari langu alivua viatu vyake vizito vya gereji, akaviweka kwenye kiti cha pili, akaendesha pekupeku. Vijana wa soko walimcheka kwamba anaingia msikitini. Naye aliwajibu kwamba hata gari lina heshima yake.

Mwaka huu niliamua kuliuza, nikamwachia alitafutie mnunuzi. Alinipigia simu kuniuliza kama alitoe lile bamba. Nilimwambia asilitoe kwanza. Nilimwambia mnunuzi akiliona atajua gari lilikuwa mikononi mwa mtu anayejua kuendesha. Hayo ndiyo maneno yangu, na nayaandika hapa kama nilivyoyasema. Akajibu, “Haya, mwaitu. Gari ni yako.”

Katika mkutano wa matanga, nyumbani kwake, mimi ndiye niliyepewa kalamu niandike wasifu wa marehemu, kwa kuwa kazi yangu ni ya kuandika. Wazee wa kanisa lake walikuwa na jambo zito zaidi. Kanisani kwao, anayefia katika ulevi haingizwi ndani. Huombewa uani kwake na kuzikwa. “Barabara kavu, breki mzima, asubuhi,” mzee mmoja alisema. “Nyinyi niambieni ni nini kama si chupa.” Mwingine akaongeza kwamba fundi na pombe ni pua na mdomo. Mke wa marehemu hakuinua sauti. “Huyu mtu hajaonja pombe tangu aokoke,” alisema. “Asubuhi hiyo alikunywa chai na mimi. Akapaka viatu vya kanisa rangi. Akasema anayenunua gari ni mtu mkubwa, hawezi kumpelekea miguu ya gereji.” Wazee wakasema watakata shauri kesho asubuhi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mimi pekee katika ua ule ndiye niliyeelewa maana ya viatu vile, na nilinyamaza, nikaandika tarehe ya kuzaliwa.

Nilirudi nyumbani nikiwaza juu ya wepesi wa hukumu zetu. Akifa mtu mkubwa barabarani, tunalikagua gari. Akifa fundi, tunamnusa mdomo. Niliwaza pia juu yetu tuliosoma. Tunapeleka matakwa yetu kwa watu wenye ujuzi, wao wanatuonya kwa upole wa mtu anayehitaji kazi, nasi tunauchukua upole ule kuwa ni ridhaa. Kisha makosa yetu yanabaki mikononi mwao, na wakati mwingine miguuni mwao. Sijui kwa hakika kilichotokea kwenye kona ile. Huenda alisahau. Huenda alidhani soli za viatu vya kanisa ni nyembamba vya kutosha. Huenda aliona aibu kumfikia mnunuzi akiwa pekupeku, aibu ambayo kwa miaka minane hakuwahi kuiona mbele yangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hapa kilio kilikuwa kimekwisha kufika, na aliyekuwa akifichuliwa hakuwa mimi. Nikajifunza, nikiwa nimechelewa, kwamba ukweli unaoujua peke yako si mali yako. Ukiukalia, mtu mwingine anaulipia kwa jina lake. Nikaamua nitakwenda.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi ya kanisa. Wazee watatu walikuwa wamefika, na mke wa marehemu alikuwa ameketi kwenye benchi. Walinikaribisha kiti, nikakikataa. Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama: bamba, soli, miguu mitupu, na simu ile ambayo mimi nilisema lisitolewe. Yule mzee aliyetaja chupa jana ndiye aliyeuliza.

“Na jana, mama, mbona hukusema?”

“Niliogopa, mzee.”

Alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena. Mke wa marehemu hakunitazama, wala sikumtarajia anitazame. Alifunga leso vizuri kiunoni, akasimama, akamwuliza mzee mlango mkubwa wa kanisa utafunguliwa saa ngapi siku ya mazishi.