Namba Iliyokwenda kwa Shemeji

Mwahija alitoka eda Ijumaa jioni, na muda wa kuweka pingamizi la shamba ulikuwa unakwisha Jumamosi saa kumi. Alibakiwa na mchana mmoja tu, na huo mchana wenyewe mawifi zake wakaula nusu. Walikuja kwake Mitwero asubuhi na masinia ya pilau, wakasoma kisomo, wakala, wakanawa, wakakaa. Kila alipoinuka aliambiwa akae, mjane haondoki na wageni bado wapo. Alipofanikiwa kuvaa viatu adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshakwisha.

Shamba lenyewe lilikuwa Kilangala, mikorosho mia na arobaini. Marehemu mume wake, Musa, alilionyesha kwa kidole likiwa pori, kisha akarudi zake kwenye biashara ya samaki. Aliyelifyeka ni Mwahija. Alichimba mashimo akiwa na mimba ya kwanza, ile iliyoharibika, na akapalilia akiwa na ya pili, iliyoharibika pia. Miaka ishirini na miwili alipuliza salfa, dawa ya mikorosho, kwa mkono mpaka kifua kikashika kikohozi kisichoondoka. Watoto hakupata. Mikorosho alipata.

Musa alipofariki, wakubwa wa nyumba walimweka ndani miezi minne na siku kumi kama desturi inavyotaka. Simu yake waliifungia kabatini, wakisema simu inaleta sauti za wanaume wa nje. Wiki ya tatu shemeji yake Kibwana, mdogo wa Musa, alisimama nyuma ya pazia akamwambia kuna karatasi za cheti cha kifo zinataka dole. Mwahija alipitisha mkono chini ya pazia. Dole gumba lake likashikwa, likatiwa wino, likagandamizwa mara nne. Kibwana akauliza na namba ya simu, wakiitaka, waandikiwe ipi.

"Andika yako," Mwahija alisema. "Mimi sina simu."

Hakuna aliyemshurutisha. Aliyasema kwa mdomo wake, na hilo ndilo lililokuja kumkeketa kuliko yote.

Mwezi wa nne wa eda mdogo wake Mwanaidi alimletea habari. Mashamba ya Kilangala yamepimwa, majina yamebandikwa ukutani, na mikorosho ya Mwahija ina jina la Kibwana Hussen. Mwenye pingamizi aliweke kwenye mtandao, mwenyewe, ndani ya siku thelathini. Mwahija akataka kutoka siku ileile. Mawifi wakamwuliza kama korosho ndizo zitakazomjibia kaburini. Akakaa. Baadaye sana aliambiwa kwamba mjane mwenye dharura huruhusiwa kutoka mchana kutafuta haki yake. Wakati ule wote waliokuwa wakilijua hilo walinyamaza.

Basi Jumamosi hiyo alivuka barabara kuu mpaka steshenari ya Fortunata, mwanamke wa kutoka bara aliyekuwa akichapa barua na kutoa kopi. Fortunata alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akapokea cheti cha ndoa na kitambulisho. Alipoandika anwani ya ule ukurasa wa pingamizi, kioo kikaleta weupe na maneno mawili matatu ya Kizungu.

Mwahija hakusoma. Baba yake aliona shule ni ya wavulana. Lakini uso wa mtu aliujua kuusoma, akauliza kuna nini.

"Inakataa, mama. Inasema haimpati proksi."

"Ndiye nani huyo?"

Fortunata alicheka kidogo. Akaeleza kuwa proksi ni kama mtu wa kati. Badala ya kompyuta kwenda yenyewe kuuchukua ukurasa, inamtuma yeye, naye aende akaulete. Mashine hii imeambiwa imtume mtu, na huyo mtu hayupo anapotakiwa kuwepo.

"Basi si iende yenyewe?"

"Ndiyo nataka kuiambia hivyo."

Hakuiambia mara moja. Kwanza alihofia bando limekwisha. Akachukua simu yake ya kitochi, maana ile kubwa mumewe alikuwa ameondoka nayo kwenda Somanga, akaangalia salio. Bando lilikuwepo. Akachomoa modemu, akahesabu moyoni, akachomeka tena, taa ikawaka kijani. Weupe uleule. Akafungua brauza nyingine, maana wakati mwingine moja huumwa na nyingine ikawa nzima. Nayo ikaleta maneno yaleyale. Hapo akasema ugonjwa hauko kwenye brauza, uko kwenye mpangilio wa mashine nzima. Akaingia kwenye mipangilio, upande wa mtandao, akapata mahali palipoandikwa proksi. Kiswichi kilikuwa kimewashwa, na chini yake pana anwani ambayo yeye hakuiweka.

"Angalia, mama. Inajituma kwake yenyewe. Imeelekezwa mlango uliomo humuhumu ndani, na nyuma ya mlango hakuna mtu."

Akakizima. Akarudi kwenye ukurasa, ukaanza kufunguka, rangi ya juu ikaonekana, kisha ukafa. Aliporudi kwenye mipangilio kiswichi kilikuwa kimejiwasha. Akakizima tena. Kikajiwasha tena. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro. Mteja aliyetaka kopi aliingia, akaambiwa asubiri, akaondoka akisonya.

Mwahija alikuwa amekodolea macho pembe ya chini ya kioo. Asiyejua herufi huangalia picha, na yeye maisha yake yote aliishi kwa kuangalia alama: nembo ya mfuko wa salfa, rangi ya basi la Lindi, mkunjo wa noti.

"Mwanangu, kile kingao kidogo pale chini ni cha nini? Kila ukizima, chenyewe kinapepesa, halafu ndiyo huko juu kunawaka."

Fortunata aliinama akatazama. Akaguna. Akasema hiyo ni kazi ya baba watoto wake, Dismas, aliyeweka juzi programu ya kuangalia mpira wa bure, kisha akaapa kwa Bikira Maria kwamba ameiondoa.

"Ameondoa picha yake hapa mezani tu. Mwenyewe bado yumo ndani anafanya kazi."

"Wanaume," Mwahija alisema. "Hata mashine wanaiachia bwana wa pili."

Wakacheka wote wawili, na kilikuwa ndicho kicheko cha kwanza cha Mwahija tangu msiba. Fortunata akaisimamisha ile programu, akaenda kwenye orodha ya vilivyomo, akaifuta kutoka mzizini. Kingao kikatoweka. Akazima kiswichi, wakakitazama kama watu wanaotazama maziwa jikoni. Hakikuwaka. Ukurasa ukafunguka wote, na katikati yake likaja shamba la Kilangala, na ramani yake ina umbo la jembe, na Mwahija akalitambua kwa pembe ya kisima kabla hajaonyeshwa.

Wakaandika. Yeye alisema, Fortunata akachapa: nani alifyeka, mwaka gani, majirani ni akina nani, dole lilichukuliwaje. Vyeti vikaskaniwa vikapanda. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alipobonyeza kutuma, na ukurasa ukadai kitu kimoja zaidi. Namba ya siri imetumwa kwenye simu iliyoandikwa katika faili la shamba. Iingize hapa.

"Simu yako iko wapi, mama?"

Mwahija akauliza ni simu ipi hiyo. Fortunata akasoma tarakimu tatu za mwisho za ile simu, na Mwahija, aliyezijua tarakimu kwa sababu ya kupiga, akazitambua.

Akaomba kitochi. Fortunata akakiweka sauti ya nje.

"Shemeji!" Kibwana aliitikia kwa uchangamfu. "Hongera ya kutoka. Tulikuombea leo."

"Nashukuru. Kuna namba imeingia kwenye simu yako sasa hivi. Nisomee."

"Namba gani tena? Hapa hakijaingia kitu."

Fortunata akabonyeza itumwe tena. Wote wawili wakausikia ndani ya kitochi ule mlio mfupi wa ujumbe unaoingia.

"Hiyo ni nini, Kibwana?"

"Haya makampuni, shemeji. Ofa zao haziishi." Akakohoa. "Wewe njoo nyumbani tuzungumze kifamilia. Nani amekupeleka kwenye mashine za watu?"

"Nisomee hiyo ofa."

Simu ikakatwa. Walipopiga tena haikupatikana. Fortunata akaomba namba mara ya tatu, na ukurasa ukajibu kuwa majaribio yamekwisha, arudi baada ya saa ishirini na nne.

Mwahija akauliza kama hakuna kiswichi cha kumzima na huyu.

"Kipo, mama, lakini kiko ofisini kwao. Na ofisi ni Jumatatu."

"Na Jumatatu?"

Fortunata akatazama saa ya ukutani. Walikaa pale mpaka saa kumi, kwa sababu hakuna aliyejua pa kwenda. Saa kumi kitufe cha kutuma kikageuka kijivu. Ndipo Mwahija akasogeza kiti, akataka aonyeshwe pale palipoandikwa jina la mwenye shamba. Akaweka kidole juu ya kioo, akalifuata taratibu, herufi kwa herufi, mara tatu, kama mtu anayepapasa kovu.

"Wataka nikufundishe kusoma?" Fortunata aliuliza.

"Hapana. Nataka nilijue hili moja."

Jumatano alikwenda Kilangala. Mabibo yalikuwa yameanza kuanguka, na harufu yake ilimpokea toka njiani. Mkorosho wa kwanza, ule aliouotesha kwa mbegu ya nyumbani kwao, ulikuwa umepakwa rangi nyekundu kifuani, mistari michache ya herufi, bado mibichi. Mchungaji wa mbuzi aliyekuwa akipita alisimama, akamwamkia, akataka kumsaidia.

"Nikusomee, mama?"

"Acha," alisema Mwahija. "Nimeshasoma."