Mjomba wa Robo Saa

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na huikumbuka zaidi ninapomwona wakili kijana amekumbatia jalada kama ulivyolikumbatia wewe leo uliposhuka kwenye pikipiki hapa kwangu Maili Moja. Uliniamkia, nikakuitikia, na hata chai haijafika mezani ukasema, "Mama, nimepangiwa kesi ya mauaji. Naomba unisomee jalada." Jalada lako hilo hapo, nimelifunika kitambaa. Kunywa chai kwanza nikusimulie.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili tangu nivae joho. Mimi si mtu wa Pwani. Nimezaliwa Singida, Kibaha nilikuja kwa kazi, na wakati ule nilijiona nimefika. Kesi za kupangiwa, yaani za washtakiwa wa mauaji ambao hawana uwezo wa kuweka wakili, tulikuwa tukigawiwa sisi vijana. Posho yake haikutosha hata nauli ya kuwatafuta mashahidi, na kikao cha Mahakama Kuu kilipokuja kilikuja na majalada kwa mkupuo. Sisemi haya ili kujitetea. Au labda najitetea kidogo, maana ugonjwa wetu mawakili ndio huo.

Basi nikapewa jalada la mtu aitwaye Kibwana, mkulima wa mihogo na korosho wa Marui, huko ndani Kisarawe. Alikuwa amekaa mahabusu karibu miaka miwili akingoja kesi yake isikilizwe. Alishtakiwa kwamba amemuua shemeji yake, Shomari, ambaye alikuwa mgema wa tembo la mnazi. Walikuwa wakigombea mnazi mmoja uliosimama mpakani mwa mashamba yao. Maelezo yake yaliyoandikwa polisi hayakufika nusu ukurasa: tuligombana asubuhi, nikamsukuma, akaanguka. Jioni watu walimkuta Shomari amekufa pale pale chini ya mnazi, shingo imevunjika.

Jalada lile nilikaa nalo wiki mbili. Wiki mbili, mwanangu! Gerezani sikwenda, Marui sikwenda. Nilikuwa na mteja wangu mkubwa Dar es Salaam aliyekuwa akinipigia simu kila siku, nikasema huyu wa Marui nitamwona siku ya kesi, kwani anakwenda wapi? Waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake hawakukosea. Mimi nilikuwa nalala kwangu, kwenye chandarua.

Siku ya kesi nikamkuta amekaa kwenye benchi nyuma ya mahakama, askari magereza amesimama hatua mbili kutoka kwake. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, shati lake limefuliwa hadi limepoteza rangi. Nikajitambulisha, nikafungua daftari.

"Mligombana?"

"Ndiyo, mama." Mama! Nilikuwa na umri wa binti yake.

"Ulimsukuma?"

"Ndiyo."

"Akaanguka?"

"Ndiyo."

"Na Shomari amekufa?"

"Ndiyo, mama. Amekufa, Mungu amrehemu."

Nikaziandika ndiyo zangu nne. Nikamweleza kwamba Wakili wa Serikali yuko tayari kubadili shtaka liwe la kuua bila kukusudia, kwamba akikiri hatanyongwa, atafungwa miaka michache na maisha yataendelea. Nikamuuliza kama amenielewa, akasema amenielewa. Akabaki ananitazama kama mtu anayengoja kitu kingine. Mimi nikatazama saa yangu. Mazungumzo yetu yote yalichukua robo saa.

Ndani ya mahakama shtaka lilisomwa. Kibwana akanigeukia, nikamtikisia kichwa, akasema, "Ni kweli." Maelezo ya kesi yakasomwa, akaulizwa kama ndivyo ilivyokuwa, akasema, "Ni kweli." Mheshimiwa Jaji akasema atarudi mchana kusikiliza maombi ya kupunguziwa adhabu, kisha atoe hukumu. Nikatoka na joho langu likinipepea miguuni. Kesi ya mauaji, nimeimaliza kabla ya saa sita! Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wangu ulikuwa umekaa barazani unaningoja.

Alikuwa mzee wa kanzu na mwavuli mweusi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akajitaja kuwa ni Mzee Pazi wa Msimbu, mjomba wake Kibwana, ndugu wa mama yake.

"Wewe ndiye unayemsemea mwanangu?"

Nikasema ndiye mimi, tena nikampa habari njema kwamba kitanzi tumekiepuka. Hakunishukuru.

"Umekaa naye siku ngapi?"

Nikamwambia tumezungumza asubuhi ile, kabla ya kuingia mahakamani. Akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo.

"Binti, katika ukoo wetu mtu akilaumiwa hajitetei mwenyewe mbele ya wakubwa. Huo ni utovu wa adabu. Yeye huitika ndiyo, basi. Anayemsemea ni mjomba wake. Lakini mjomba kwanza hukaa naye ndani kutwa nzima, amsikilize mpaka maneno yamwishe, ndipo atoke akaseme. Na mambo yakiisha, humshika mkono akamrudisha nyumbani, watu wamwone. Tulipofika huku tukaambiwa mjomba hasemi, serikali imempa Kibwana mjomba mwingine. Tukashukuru. Sasa ni mjomba gani huyu wa robo saa?"

Nikaanza kumweleza habari za sheria. Akainua kiganja.

"Ulimuuliza, baada ya kumsukuma ikawaje?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Shomari aliinuka," akasema mzee. "Aliinuka, akajipangusa mchanga, akamtukana Kibwana, kila mtu akaenda zake. Adhuhuri Shomari alipita kwa Bibi Mwanahawa, jirani yao pale Marui, akaomba maji, akanywa. Saa hiyo Kibwana alikuwa kwangu Msimbu ananishtakia habari ya mnazi. Alishinda kwangu mpaka magharibi. Huyo mwingine amerudi kupanda mnazi wake, ameanguka, nani alimsukuma huko juu?"

Nikamuuliza kwa nini hakuyasema haya mapema. Akaniambia alikuja ofisini kwangu mara mbili. Mara ya kwanza karani wangu alimwambia nimekwenda Dar es Salaam. Mara ya pili alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, nikampita. Nikaukumbuka ule mwavuli. Nilidhani ni mteja wa mtu mwingine, na kwa kweli nilitumaini ni wa mtu mwingine.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa Kibwana. Nilifikiria uso wangu mbele ya Jaji. Kubatilisha kukiri kwa mteja wangu mwenyewe saa mbili tu baada ya kumtikisia kichwa, mawakili wenzangu wamekaa pale wananitazama! Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Mzee Pazi hakuwa na pa kunishtaki, na Kibwana angeitika ndiyo hata kwa kifungo. Naona aibu kwamba nilisimama pale barazani nikalipima jambo hilo.

Nikarudi kwenye lile benchi nyuma ya mahakama. Safari hii nikakaa, daftari nikalifunga. Nikamuuliza, "Baada ya kumsukuma, ikawaje?" Kibwana akavuta pumzi, akaanza. Alisema bila kituo mpaka muda wa chakula ukaisha, na yote yalilingana na ya mjomba wake, hata ule mchanga aliojipangusa Shomari. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia asubuhi. Akanitazama kwa mshangao.

"Nilikuwa nakungoja uniulize, mama."

Mchana nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa Jaji, mshtakiwa amekiri kwa sababu mimi wakili wake sikumsikiliza. Kosa ni langu. Naomba kukiri kwake kufutwe." Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyoipanga. Jaji alimhoji Kibwana mwenyewe, akaridhika, akafuta, akaahirisha kesi hadi kikao kingine. Kisha akanigeukia: "Wakili, kikao kijacho uje ukiwa umefika Marui." Waliocheka walicheka, nami nikaketi.

Marui nilifika wiki ile ile. Bibi Mwanahawa alinipa kigoda na maji, akanihadithia kila kitu. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda kusema, akajibu kwa utulivu kwamba alikuwa anangoja kuitwa. Akanipeleka hadi mpakani. Nikainua macho. Kule juu ya mnazi, kibuyu cha Shomari kilikuwa bado kimefungwa kwenye karara alilokuwa akigema, kimepasuka kwa jua. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuupanda mnazi uliomuua mtu, na kwa miaka miwili hakuna mwenye jalada aliyekuja kuutazama.

Unadhani hapo ndipo mwisho mwema? Kukiri kulipofutwa, shtaka la mauaji lilirudi, na kosa la mauaji halina dhamana. Kikao kingine kilikuja baada ya mwaka na miezi, na muda wote huo Kibwana alikuwa ndani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilikuwa namtembelea na kurudi kwangu, yeye alikuwa anabaki. Miezi mitatu kabla ya kesi Mzee Pazi aliugua homa, akafariki, wakamzika Msimbu. Nilikwenda gerezani kumwambia mwenyewe. Kibwana hakulia. Aliniuliza nani alimwosha, nikamtajia majina niliyoambiwa, akaitika kila jina.

Kesi iliposikilizwa, Bibi Mwanahawa alipanda kizimbani akasema ya kwake, asibabaike hata kwa neno moja. Mahakama ikamwona Kibwana hana hatia. Nilifurahi, ndiyo, lakini ngoja.

Tulipotoka nje alisimama kwenye ngazi, hasogei. Hana pingu, hana askari, njia nyeupe mbele yake. Nikadhani miguu imekufa ganzi. Nikamwambia, "Nenda nyumbani, umeshinda." Akaninyooshea mkono.

"Mjomba ametangulia," akasema. "Utanirudisha wewe."

Nikamshika mkono, nikiwa na joho langu vile vile, watu wanatutazama. Tulibadili magari, tukateremka Msimbu, tukatembea hadi kaburini. Akanifundisha neno ambalo msemaji hulitamka akimaliza kazi yake: Nimemrudisha. Nililitamka mbele ya kaburi lile, nami nilijua hesabu ya wiki mbili. Ningekwenda gerezani katika zile wiki mbili, kesi ingesikilizwa kikao kile kile, na mkono ule angeushika Mzee Pazi mwenyewe, mzima. Kisha tukaendelea hadi Marui, nikamkabidhi kwa watu wake.

Mpaka leo msimu wa mihogo ukifika, Kibwana hunitumia. Kijana anayeleta husema, "Mzee kasema nimpe mjomba," na majirani zangu hucheka kumwona mjomba amevaa gauni. Mihogo yake naila, lakini kila mara huanza kwa kunikwama kidogo.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Najua siku hizi mambo yamekuwa mepesi kidogo. Sheria ya msaada wa kisheria ipo, wasaidizi wa kisheria wamefika hadi vijijini, na simu kila mtu anayo. Lakini majalada bado ni mengi kuliko mikono, na sasa yupo mshtakiwa ambaye wakili wake humwona kwenye kioo cha video tu, yeye yuko gerezani, wewe uko mahakamani. Kwenye kioo kila mtu hutikisa kichwa. Usikubali kichwa kinachotikisika. Nenda ukakae naye, na umuulize maswali ambayo hayajibiki kwa ndiyo. Nenda mahali jambo lilipotokea, na ukifika uinue macho. Ukiona mzee kwenye benchi la mlangoni kwako, muulize amemfuata nani. Kesi zikikuzidi, simama useme mbele ya mahakama kwamba hujajiandaa. Aibu hiyo ni ya asubuhi moja, yangu nimetembea nayo hadi uzeeni. Na ukikosea, kiri mapema kabla hukumu haijaandikwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya kwanza ya mnyonge ni kusikilizwa na yule aliyetumwa kumsemea.

Jalada lako chukua. Sikulisoma, wala sitalisoma leo. Ulipoingia nilikuuliza mtu wako anaitwa nani, nawe ukafungua jalada kulitafuta jina. Nenda kwanza gerezani. Ukirudi uniambie jina lake bila kutazama karatasi, na jina la mama yake, na alichokula asubuhi ya siku ile, ndipo tutasoma pamoja mpaka taa iishe mafuta.

Mungu akupe sikio lililo refu kuliko ulimi wako. Akupe miguu isiyoogopa vumbi la Marui. Na siku mtu wako atakapotoka kwenye ngazi zile, akujalie uwe karibu, mkono wako uwe mtupu, umshike umrudishe kwao wangali hai wanaomngoja.